Lilias Adie na majina aliyogoma kuyataja

Torryburn ni kijiji cha ufukweni katika jimbo la Fife, Uskoti, kando ya ghuba ya Forth. Maji yakipwa, pwani yake hubaki uwanja mpana wa tope zito, na kwenye tope hilo limelala jiwe bapa ambalo mtu mmoja hawezi hata kulitikisa. Maji yakijaa, jiwe linazama. Yakipwa tena, linaibuka na mwani wake. Chini ya jiwe hilo alizikwa mwanamke mwaka 1704.

Sisi tuliokulia pwani tunajua upwa ni wa kazi gani. Ni wa kuokota chaza, kutega uzio, kuegesha ngalawa. Hakuna anayemzika mtu wake upwani, maana bahari haitunzi kaburi. Waliomzika Lilias Adie walikuwa watu wa pwani vilevile, na hilo walilijua. Walipachagua kwa makusudi. Makaburi ya kanisa hayakumpokea, na iliaminika kwamba Shetani anaweza kuuinua mwili wa mtu wake ukarudi kuwasumbua walio hai. Wakatafuta mahali pasipo bara wala bahari, wakafukia, kisha wakalaza jiwe juu.

Kila zinapotajwa kesi za uchawi za Ulaya, jibu huwa tayari mdomoni: ule ulikuwa ujinga wa zamani, watu wakasoma, mambo yakaisha. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu sana, na kila nikilisikia nalikataa. Kilichomwangusha Lilias Adie kilikuwa utaratibu. Ulikuwa na sheria ya nchi, vikao, wazee wanaoheshimika, karani na wino, na swali moja lililorudiwa mpaka mtu achoke: nani mwingine? Namna mwanamke huyu alivyolijibu swali hilo ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuanze na sheria. Mwaka 1563, enzi za Malkia Mary, Bunge la Uskoti liliufanya uchawi kuwa kosa la kifo, na likaongeza kwamba aliyemwendea mchawi kutaka shauri afe pia. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1736. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliopekua kumbukumbu za kipindi hicho chote na kutoa matokeo yao mwaka 2003 walihesabu washtakiwa 3,837. Kati ya kila 100, wanawake walikuwa kama 84. Inakadiriwa kwamba waliouawa walifika 2,500, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni moja tu. Kwa kawaida aliyehukumiwa kifo alifungwa kwenye nguzo, akanyongwa, kisha maiti ikachomwa moto. Kwa hiyo hawana makaburi. Lilias alifia kizuizini kabla ya kuhukumiwa, na kaburi lake ndilo pekee la mtuhumiwa wa uchawi wa Uskoti linalojulikana lilipo.

Tena aliyeupuliza moto huo kwa nguvu zaidi alikuwa msomi. Mfalme James wa Sita alisoma tangu utotoni, akatunga mashairi, akaandika vitabu. Mwaka 1590 alirudi kutoka Denmark na mkewe Anne, njiani bahari ikachafuka, na lawama zikawashukia watu wa North Berwick na vijiji jirani. Miongoni mwao alikuwemo Agnes Sampson, mkunga na mganga aliyetibu watu kwa sala na mitishamba. Mfalme mwenyewe alimhoji katika kasri la Holyrood. Januari 1591 Agnes alinyongwa na kuchomwa mjini Edinburgh. Miaka sita baadaye mfalme alichapisha kitabu kizima, Daemonologie, kueleza jinsi mashetani na wachawi wanavyofanya kazi. Anayesema tatizo lilikuwa kutojua kusoma na kuandika anieleze kitabu hicho kiliandikwa na nani.

Torryburn nako mambo yaliongozwa na mtu wa vitabu, mchungaji Allan Logan. Inasimuliwa kwamba wakati wa meza ya Bwana alikuwa akiwatazama waumini waliokusanyika, kisha anapaza sauti: wewe mchawi, ondoka mezani pa Bwana. Na kuna bibi kizee angeinuka akatoka. Hebu fikiria kimya cha kanisa hilo. Kila mwanamke mzee amekaa akijiuliza macho ya mchungaji yameishia kwake au kwa jirani yake. Anayetetemeka zaidi ndiye anayesimama.

Kesi ya Lilias ilianzia kwa jirani, kama zinavyoanza nyingi. Katikati ya mwaka 1704, Jean Bizet alitembea usiku kutoka nyumba moja hadi nyingine akilia kwamba anaandamwa, akimtaja Lilias na koti lake la bluu. Mashahidi walioitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa walieleza kwamba Jean alikuwa amekunywa. Yote yaliandikwa, hilo la ulevi pamoja na lile la koti la bluu. La ulevi likaachwa kwenye karatasi. La koti likafuatwa.

Mwishoni mwa Julai Lilias, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliletwa mbele ya mchungaji na wazee. Akakiri. Alisema alikutana na Shetani kwenye shamba la nafaka wakati wa mavuno, jua likielekea kuzama. Shetani huyo alikuwa na kofia kichwani, ngozi yake ya baridi, miguu yake imepasuka kwato kama ya ndama. Shetani akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha Lilias na mwingine kwenye nyayo, akasema kilichopo katikati ni mali yake. Lilias akaukana ubatizo wake, akalala naye.

Ukilisoma ungamo hilo peke yake unaweza kudhani ni ndoto ya mtu mmoja. Lisome pamoja na mengine. Mwaka 1662, mbali kaskazini huko Auldearn, Isobel Gowdie alisimulia jambo lilelile: mkono utosini, mkono kwenye unyayo, na vyote vya katikati akamkabidhi Shetani. Ni wanawake wawili wasiojuana, wametenganishwa na miaka 42 na milima. Kilichowaunganisha ni waliouliza. Mchungaji alijua mkataba na Shetani unafungwaje kwa sababu alisoma na kuhubiriwa hivyo. Aliuliza akitafuta hicho, naye aliyechoka akampa. Baridi, kwato na utosi vilitoka upande wa meza waliokaa wahojaji.

Na uchovu ulikuwa chombo cha kazi. Uskoti haikuhitaji mitambo ya kuvunja mifupa. Ilitosha kumweka mtu macho. Walinzi walipokezana zamu, na kila kichwa kikiinama wanamshtua. Siku ya tatu au ya nne mtu huanza kuona visivyokuwepo na kusadiki anayoambiwa. Mwaka huohuo wa 1704, hukohuko Fife, katika mji wa bandari wa Pittenweem, Beatrix Laing alikesheshwa siku tano mchana na usiku na kuchomwa sindano mwilini. Chanzo chake kilikuwa misumari. Alimwomba Patrick Morton, kijana wa miaka 16 aliyejifunza uhunzi, amtengenezee misumari, kijana akasema ana kazi nyingine, mama akaondoka akinung'unika, kijana akaugua.

Sindano zilikuwa na wataalamu wake. Iliaminika kwamba Shetani huacha alama kwenye mwili wa mchawi, mahali pasipouma wala kutoa damu. Walikuwepo wanaume waliozunguka vijijini kwa malipo wakiitafuta alama hiyo, na aliyevuma zaidi aliitwa John Kincaid, wa Tranent. Msomaji wa Tabora, Kigoma au Rukwa hahitaji kuelezwa habari hii kwa kirefu. Anawajua lambalamba na kamchape, wanaoitwa kijijini wakilipwa, wakatoka wakiacha watu wasioweza tena kusalimiana. Polisi wetu huita kazi hiyo ramli chonganishi, na neno chonganishi linambana Kincaid sawasawa.

Kincaid alifungwa jela mwaka 1662. Mwaka huo Baraza la Mfalme lilipiga marufuku kukamata watu kwa uchawi bila hati, kuwachoma sindano na kuwakesha. Iliandikwa ikatangazwa. Miaka 42 baadaye Beatrix Laing bado alikesheshwa. Tunaijua hali hii ya katazo kubaki mjini huku kitongojini mambo yakiendelea kama jana.

Hapo ndipo tufike kwenye majina.

Kesi moja ya uchawi haikuwa na faida kwa waliokuwa wakiwinda. Mchawi hakudhaniwa kuwa peke yake. Alikuwa na mkutano wake, na mkutano una watu. Kila aliyekiri aliulizwa aliokuwa nao. Akitaja wawili, nao wakataja wawili wawili, baada ya mwezi kijiji hakina mtu salama. Mawimbi makubwa ya 1590, 1597, 1628, 1649 na 1661 yalikua hivyo. Ungamo la mmoja ndilo lililokuwa kuni za mwingine.

Fife yenyewe ilishaona. Mwaka 1597 Margaret Aitken wa Balwearie, akiwa ameshikwa na kuteswa, alisema anaweza kumtambua mchawi kwa kumtazama machoni. Wakampa alichokitaka, yaani uhai, ilimradi aifanye kazi hiyo. Akazungushwa mpaka Glasgow akielekeza kidole: huyu ndiye, huyu siye. Wengi waliuawa kwa kidole chake. Aliumbuka pale watu aliowaita wachawi walipoletwa tena mbele yake wakiwa wamebadilishiwa mavazi, akawatangaza hawana hatia. Alichomwa moto. Nashindwa kumlaani Margaret. Mtu aliyewekwa kati ya kufa na kuonyesha kidole, sina uhakika mimi ningechagua nini, na sidhani wewe una uhakika.

Lilias aliwekwa palepale. Walimhoji tena na tena, wakitaka wanawake aliocheza nao kwenye mikutano ya usiku. Alijibu kwamba hakuweza kuwatambua. Walikuwa wamefunika nyuso kama wanavyofanya wake wa mabwana. Walipozidi kumbana, majina aliyoyatoa yalikuwa yale ambayo baraza lilikuwa nayo tayari. Kila mara alikuwa na sababu ya kutomjua mwingine.

Ona alivyofanya. Kunyamaza kungewafanya wamkeshe zaidi. Kukana kila kitu kungeonekana ukaidi wa kishetani. Basi akajitolea mwenyewe: ndiyo, nilimwona, ndiyo, nilicheza, ndiyo, mimi ni wake. Akawapa shamba, machweo, kofia na kwato, hadithi nono ya kujaza kurasa za karani. Ila jirani zake akawavisha vitambaa usoni. Kwa kila jina alilolizuia alijiongezea usiku mwingine wa mahojiano, na alijua. Huyu ni mwanamke mzee wa kijijini, hana mume wa kumtetea wala mali ya kuhonga, na ndani ya chumba kile yeye ndiye aliyekuwa akifikiria zaidi ya mtu mmoja. Torryburn haikuwa Balwearie. Wanawake wengine waliitwa na kusumbuliwa, lakini halikutokea wimbi la kukiteketeza kijiji. Kwangu mimi sehemu kubwa ya hilo ni mkono wake.

Alifia kizuizini mwishoni mwa Agosti, kama mwezi mmoja tu tangu aitwe.

Pittenweem ilienda njia nyingine, na inanilazimu niwe mwangalifu na hoja yangu. Huko mashtaka yalipelekwa juu, wanasheria wa Edinburgh wakayatazama wasione ushahidi wa kutosha, na wanawake kadhaa wakaachiliwa. Kama utaratibu ndio uliokuwa ukiua, basi ulikuwa umefunga mlango. Lakini tarehe 30 Januari 1705 umati ulimkamata mmoja wa watuhumiwa wa mji huo, Janet Cornfoot, ukamburuta mpaka ufukweni, ukamning'iniza kwa kamba iliyofungwa kutoka kwenye chombo hadi nchi kavu, ukampiga mawe. Aliposhushwa wakamlaza, wakamwekea mlango juu, na juu ya mlango wakarundika mawe mpaka akafa. Hakuna aliyeadhibiwa. Mahakama ilikuwa imejifunza kudai ushahidi. Kitongoji kilichofundishwa na mimbari miaka 140 kwamba mchawi yupo na anastahili kufa, hakuna aliyekirudia kukifundisha vinginevyo.

Kwa hiyo nasema hivi: mauaji ya mahakama yalikoma pale majaji walipoanza kuuliza "umejuaje?" badala ya "nani mwingine?" Hawakuhitaji kuacha kuamini uchawi, wengi wao waliendelea kuuamini. Walikataa tu ungamo lililokamuliwa, sindano za wapita njia na maneno ya mlevi wa usiku. Ila swali hilo lisipoteremka mpaka kwenye kikao cha ukoo, barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji na madhabahuni, umati hujichukulia kazi.

Sheria iliyoifuta ile ya 1563 iligeuza kosa lenyewe: kuanzia 1736 halikuwa tena kuwa mchawi, likawa kujifanya una nguvu za uchawi. Wazo hilo lilisafiri na Waingereza mpaka kwetu. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925 inamwadhibu anayejifanya ana nguvu hizo, na pia anayemsingizia mwenzake uchawi. Tanganyika ikapata ya kwake mwaka 1928. Karatasi tunazo muda wote huo. Na bado Kilifi wazee wenye mvi wanaogopa kulala majumbani mwao, na Usukumani bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi wa miaka ya kupikia samadi ya ng'ombe mahali kuni zilipokwisha. Jibu la "umejuaje?" lilikuwa jikoni kwake, na hakuna aliyeingia kutazama.

Narudi Torryburn, maana Lilias hakuachwa hata chini ya jiwe. Mwaka 1852 mkusanyaji wa vitu vya kale wa Dunfermline, Joseph Neil Paton, alilipa watu wakafukua. Ulikuwa wakati wa ile elimu ya kupima mafuvu ili kusoma tabia ya mtu. Fuvu lake likaishia kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha St Andrews, likapigwa picha, na mwaka 1938 likaonyeshwa kwa umma mjini Glasgow kwenye Maonyesho ya Himaya. Baada ya hapo likapotea. Mbao za jeneza zilichongwa fimbo za kutembelea. Moja alizawadiwa tajiri Andrew Carnegie, mzaliwa wa Dunfermline.

Msomaji wa Iringa anakijua kidonda hiki. Kichwa cha Mtwa Mkwawa, aliyekufa 1898, kilipelekwa Ujerumani, kikatajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarejeshwa Kalenga mwaka 1954. Ukoo wa Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi mwaka 1900, umetafuta kichwa chake miaka mingi. Meli na Lilias hawana kitu kingine cha kuwaunganisha isipokuwa hiki: karne moja, tamaa moja ya makabati ya mafuvu, na watu walioona kwamba maiti ya asiye na nguvu ni kifaa cha kusomea.

Picha za fuvu la Lilias zilihifadhiwa, na mwaka 2017 Christopher Rynn wa Chuo Kikuu cha Dundee alizitumia kulirudishia sura. Nimeutazama uso huo mara nyingi. Ni uso wa mama mzee ambaye ungemkuta kwenye benchi la zahanati akakusogezea nafasi ukae. Una mikunjo ya mtu aliyezoea kucheka.

Tarehe 8 Machi 2022, Siku ya Wanawake Duniani, Nicola Sturgeon, aliyekuwa akiiongoza serikali ya Uskoti, alisimama bungeni akawaomba radhi wote walioshtakiwa kwa sheria ya 1563. Mwezi Mei Kanisa la Uskoti likafuata. Wapo waliosema ni kupoteza muda, waliotendwa na waliotenda wote wameshakufa. Mimi naona ilistahili, hasa ya kanisa, kwa kuwa vikao vile vilikuwa vyake na kalamu ile ilikuwa yake. Ila radhi ya bungeni hutolewa kwa maelfu kwa pamoja, na Lilias ana dai lake peke yake: mifupa yake.

Halmashauri ya Fife ilitangaza mwaka 2019 kwamba inayatafuta mabaki yake ili azikwe kwa heshima, na Agosti mwaka huo shada la maua likawekwa kwenye lile jiwe. Fuvu linaweza kuwa kwenye boksi la chuo lisilo na lebo. Vipande vingine viligawiwa watu kama kumbukumbu. Na zile fimbo za mbao za jeneza lake huenda mojawapo imesimama leo kwenye kona ya sebule ya mtu, imerithiwa kwa babu, inashikwa kila asubuhi kwenda matembezini.